Stempu za Ngome ya Windsor

SWALI: Babu aliniachia bahasha yenye stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za mwaka 1935, zenye picha ya ngome. Je, nizibandue?

JIBU: Tafadhali usizibandue, ndugu msomaji. Ngome hiyo ni Windsor, Uingereza, na muundo huohuo ulitumika katika makoloni mengi kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Mfalme George V, kwa hiyo stempu zenyewe kwa kawaida si adimu. Kwa maoni yangu, utajiri wako umo katika bahasha, kwa kuwa muhuri wa posta huonyesha barua ilitumwa lini na kutoka wapi, habari ambazo stempu iliyoloweshwa majini ili ibanduke huzipoteza. Chunguza pia minara kwa kioo cha kukuzia: vijistari visivyokuwamo katika mchoro, vilivyotokana na kasoro za uchapaji, hutafutwa sana na wakusanyaji.