Wasomaji Wanauliza: Siku Chache Bangkok

Mume wangu na mimi tunatoka Bukavu kupitia Kigali, tunakwenda Bangkok kutembea tu. Viza tumepata. Ni nini huwakwamisha watu uwanjani? – Mama wa Ibanda

Kadi ya njano, Mama. Thailand inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa kila anayetoka Kongo, na chanjo huhesabiwa kuanzia siku ya 10 baada ya sindano. Ukichanjwa wiki ya safari, cheti hakikusaidii. Kibebe mkononi, kisiingie katika sanduku, kwa sababu shirika la ndege linaweza kukiomba kabla hujapanda. Mkifika Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, piteni kwanza kwenye meza ya afya, ndipo mwende uhamiaji. Anayekimbilia foleni ya uhamiaji hurudishwa, kisha huanza foleni upya.

Tangu Mei 2025 kuna pia fomu ya kuwasili inayojazwa kwenye intaneti ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni ya bure. Tovuti ikidai pesa, ifunge.

Dola zenu ziwe za 100 na 50, safi, maana noti ndogo hubadilishwa kwa bei ya chini, na yenye mchaniko mtarudishiwa, kama hapa kwetu. Msibadilishe zote ukumbini. Shukeni ghorofa ya chini kabisa, karibu na treni, kuna vibanda vyenye bei nzuri zaidi. Treni hiyo hufika kituo cha Phaya Thai, mjini, kwa baht 45 (baht ndiyo pesa ya Thailand), karibu nusu saa. Teksi huanzia baht 35 kwenye mita, unaongeza 50 za uwanja na ushuru wa barabara ya juu. Usiku mwingi, mkiwa wawili na mizigo, inafaa. Saa kumi na moja jioni haifai: gari linasimama kwenye foleni, mita inatembea.

Rafiki yangu alifika mlangoni mwa Ikulu Kuu akaambiwa imefungwa. Tuktuk, ile bajaji ya huko, ikamzungusha kwenye maduka ya vito mpaka jioni. Nitajuaje siku za kufunguliwa? – Kijana wa Kadutu

Karibu hakika haikuwa imefungwa, ndugu. Huo ni utapeli wa zamani wa Bangkok. Mtu nadhifu, mwenye adabu, anakusimamisha barabarani, anakwambia leo kuna sherehe, kisha anakuitia tuktuk ya bei ndogo mno. Dereva anafidiwa na duka analokupeleka. Usijibizane naye; tembea mpaka dirisha la tiketi lenyewe. Tiketi huuzwa saa mbili na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, baht 500. Sherehe za kifalme hufunga sehemu mara chache, na tovuti ya ikulu hutangaza.

Kinachowarudisha watu kwa haki ni nguo. Mabega na magoti yafunikwe, na mtandio uliotupiwa juu ya mabega wazi mara nyingi haukubaliwi. Sketi ya kitenge iliyoshonwa mpaka chini ya goti, na blauzi ya mikono, inatosha kabisa.

Nenda kwa maji. Bangkok ni mji wa mto, na wewe uliyezoea boti za ziwa Kivu utauelewa haraka kuliko anayeng'ang'ania barabara. Panda treni ya juu, BTS, ushuke Saphan Taksin. Chini yake ndipo gati la Sathorn. Chagua boti yenye bendera ya rangi ya chungwa, baht 16. Ile ya watalii ina bei zaidi na inapita mto uleule. Mkata tiketi utamsikia kabla hujamwona: anatikisa mkebe mrefu wa chuma uliojaa sarafu. Anayefunga kamba anamwongoza nahodha kwa filimbi, na boti haikai gatini hata dakika moja, basi simama karibu na mlango kabla ya kituo chako. Kwa ikulu shuka Tha Chang.

Ikulu iwe ya asubuhi, kwa kuwa uwanja wake hauna kivuli. Jua likipanda, tembea hadi hekalu la Wat Pho, uingie kwa Buddha aliyelala, urefu mita 46. Viatu unavua. Ukikaa, usielekeze nyayo kwake. Jioni kivuko cha Tha Tien kinakuvusha hadi hekalu la Wat Arun kwa sarafu chache.

Tutakula nini bila bugali? – Baba wa Bagira

Agiza khao niao, Baba: wali wa kunata, unaofinyangwa kwa vidole na kuchovywa, mkono uleule wa bugali. Unaliwa na som tam, papai bichi lililopondwa kinuni na pilipili, ndimu na karanga. Muuzaji huponda mbele yako, kwa hiyo sema «mai phet», isiwe kali, kabla hajatia pilipili. Baadaye haitoki.

Na akikwambia anafungua mpaka «sam thum», ndiyo saa tatu usiku hasa: Wathai nao huhesabu saa za usiku, kabla ya usiku wa manane, kama sisi.