Hati Moja, Shule Mbili: Majibu kwa Walimu na Wazazi wa Masomo ya Jamii

Mwezi huu safu hii imepokea barua tatu zinazokaribiana, zote zikihusu matumizi ya zana za kushirikiana mtandaoni katika kufundisha historia, jiografia na uraia. Tumeanza na ile iliyohitaji jibu refu zaidi.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha Historia ya Tanzania na Maadili katika shule ya sekondari ya kutwa wilayani Kilwa. Tuna chumba cha kompyuta chenye mashine kumi na mbili na intaneti inayokatika mara kwa mara. Wanafunzi wangu hunakili ninachoandika ubaoni bila kuuliza lolote. Katika semina tulihimizwa kutumia hati za pamoja za mtandaoni, nami nikawapa hati moja waorodheshe sababu za Vita vya Majimaji. Walichofanya ni kunakili sababu zilezile zilizomo kitabuni. Je, tatizo ni zana, ni mtandao, au ni mimi? Mwalimu, Kilwa.

JIBU: Mwalimu, nashukuru kwa barua yako iliyo wazi. Kwa maoni yangu tatizo limo katika swali ulilowapa. Sababu za vita hivyo zimekwisha kupangwa katika kitabu ambacho kila mwanafunzi amekifungua mbele yake, kwa hiyo hapakuwa na jambo lolote ambalo mmoja alikuwa nalo na mwenzake akalihitaji. Google Docs, Padlet na zana nyingine za aina hiyo huwavuta wanafunzi pale tu maarifa yanapokuwa yametawanyika, kila mmoja akiwa ameshika kipande chake, na jibu likawa haliwezi kupatikana mpaka vipande hivyo vikutanishwe. Mahali ambapo jibu tayari limekamilika, hati ya pamoja hugeuka daftari la kunakilia, tena daftari linalomaliza bando.

Wewe una bahati ambayo walimu wengi hawana, kwa sababu vita hivyo vilianzia jirani yako. Ilikuwa Julai 1905 ambapo Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na tarehe 4 Agosti mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, aliyekuwa amewagawia watu maji ya dawa yaliyoaminika kugeuza risasi kuwa maji. Kutoka hapo vita vilisambaa hadi Mahenge na Ungoni. Mjini Songea, tarehe 27 Februari 1906, mashujaa wa Wangoni walinyongwa kwa pamoja, na hadi leo siku hiyo huadhimishwa kila mwaka mjini humo, ambako pia kuna Makumbusho ya Majimaji. Maana yake ni kwamba wanafunzi wako wanaishi kwenye chanzo cha habari hii na wanafunzi wa Songea wanaishi kwenye mwisho wake, na hakuna upande unaoweza kuisimulia yote peke yake. Mtafute mwalimu mwenzako wa Songea, mkubaliane kuwa na hati moja ya shule mbili, kisha wapeni wanafunzi swali ambalo halijajibiwa kitabuni: familia za hapa kwetu zinakumbuka nini kuhusu vita hivi, na kumbukumbu hizo zinaafikiana wapi na zile za wenzetu wa upande wa pili?

Kazi ya namna hii si ngeni katika nchi yetu. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa katika maeneo yaliyopigana vita hivyo kuwahoji wazee, na masimulizi waliyokusanya yakawekwa pamoja, yakawa miongoni mwa hazina kubwa za historia ya Majimaji iliyoelezwa na Waafrika wenyewe. Wakati huo walikuwapo wazee walioviona vita kwa macho yao. Wanafunzi wako watakutana na wajukuu na vitukuu, kwa hiyo watakachokusanya ni kumbukumbu iliyopita katika vinywa kadhaa, na napenda walielewe hilo tangu siku ya kwanza. Mwanafunzi anayeandika «bibi amesema alisikia kwa baba yake» amekwisha kuanza kufikiri kama mwanahistoria, kwani ameacha kuichukulia kila habari kana kwamba imeshuka tu kutoka kitabuni.

Sasa nije kwenye utekelezaji, maana hapo ndipo mipango mizuri hukwama. Usianze na ukurasa mtupu. Tengeneza jedwali lenye safu za tukio, mahali, tarehe au majira, aliyesimulia, namna alivyopata habari hiyo, na kundi lililoandika. Jedwali humsaidia mwanafunzi mwenye haya, kwa sababu anajua ni kisanduku kipi kinamsubiri, na humzuia yule mwepesi wa maneno kuijaza hati nzima peke yake. Gawa darasa katika makundi ya watu wanne au watano. Wiki ya kwanza isiguse kompyuta kabisa: wanafunzi waende na madaftari, wahoji, waandike kwa kalamu. Wiki ya pili waingie chumba cha kompyuta kwa zamu kuchapa walichokusanya. Kwa kuwa somo lenu hufundishwa kwa Kiswahili, wataandika katika lugha ileile waliyosikia, na maneno ya Kimatumbi au ya Kingoni yatakayojitokeza yaachwe jinsi yalivyo na yaelezwe pembeni.

Nguvu ya hati ya pamoja hudhihirika wiki ya tatu, katika maoni ya pambizoni. Wekeni kanuni kwamba kila kundi liwaachie wenzao wa shule ya pili maswali mawili kwa wiki, na kwamba jibu lolote litaje chanzo chake. Mwanafunzi wa Kilwa anapomwuliza wa Songea kwa nini watu wa kwao waliendelea kupigana hata baada ya kuona kwamba risasi hazigeuki maji, swali hilo lina uzito kuliko likitoka kwako, kwa sababu mwulizaji kweli hajui na anayejibu anajua kwamba anasubiriwa. Hapo ndipo ule ukimya unaokusumbua darasani huvunjika.

Nashauri msiikwepe idadi ya waliokufa. Makadirio yanatofautiana sana, kuanzia watu 75,000 hadi 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa baada ya majeshi ya Wajerumani kuchoma mazao na maghala ya chakula. Kila kundi liandike takwimu lililoipata, liseme imetoka wapi, kisha makundi yote yajadili kwa nini tarakimu zinapishana kiasi hicho: nani alikuwa akihesabu, alihesabu akina nani, na marehemu wa njaa waliingizwa au waliachwa? Nimeona mjadala wa aina hii ukiwaamsha hata wanafunzi waliokuwa wamekata tamaa na somo, na naamini ni haki ya watoto wa eneo lile kuujua ukubwa wa msiba huo na pia kujua kwamba ukubwa wake bado unabishaniwa.

Kuhusu mtandao unaokatika, usipange kazi inayodai shule mbili ziwe mtandaoni saa moja. Hati ikishaandaliwa mapema kwenye kivinjari ili ifanye kazi bila mtandao, wanafunzi wanaweza kuchapa intaneti ikiwa imekatika, na waliyoandika yakapanda yenyewe ikirudi. Kama ulipata kishikwambi kati ya vile vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022 na baadaye kugawiwa walimu, kinatosha kwa kukagua kazi na kujibu maoni ukiwa nyumbani. WhatsApp itumieni wewe na mwalimu mwenzako kwa kupanga ratiba, lakini msiifanye mahali pa kazi yenyewe, kwa sababu ujumbe mzuri wa Jumatatu huwa umezikwa chini ya salamu na picha kufikia Jumatano.

Mkimaliza masimulizi na bado mna ari, hatua inayofuata ni ramani. OpenStreetMap ni ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuisahihisha na kuiongezea. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliitumia kuchora mtaa wao, ambao hadi wakati huo ulikuwa karibu eneo tupu kwenye ramani za umma, na kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Wanafunzi wako wanaweza kuhakiki kama visima, njia na vitongoji vya kwao vimo na kama majina yake yameandikwa sawasawa. Makaburi na mahali pa matambiko yasiwekwe bila ridhaa ya wenyeji. Vivyo hivyo, jina la mzee aliyehojiwa lisiandikwe kwenye hati kabla hajaulizwa na kukubali.

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu yuko darasa la sita. Mwalimu wao amewataka wafungue akaunti za mtandaoni kwa namba za simu za wazazi ili washiriki kazi ya kundi ya jiografia. Sipendi kumrudisha mtoto nyuma, lakini nina hofu. Nifanye nini? Mzazi, Morogoro.

JIBU: Mama, hofu yako ina msingi, na kumwuliza mwalimu si kumkosea adabu. Katika nchi nyingi Google hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti ya kawaida peke yake, na mtoto wa darasa la sita mara nyingi hajafika umri huo. Njia iliyo salama ni akaunti zinazofunguliwa na kusimamiwa na shule yenyewe kwa idhini ya wazazi, au akaunti moja ya mwalimu ambayo makundi huitumia darasani mbele yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ilitunga yake mwaka 2019. Zote zinamlinda mtoto, na shule inayokusanya majina, picha na namba za simu inapaswa kuweza kukueleza inazikusanya kwa kazi gani.

Nenda shuleni ukiwa na maswali matatu. Nani ataweza kuifungua hati hiyo? Je, majina kamili na picha za watoto vitaonekana? Kazi ikiisha, hati itafutwa au itabaki? Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote, kwa sababu hati nyingi huachwa katika mpangilio unaomruhusu yeyote mwenye kiungo kuingia, na kiungo kikishatumwa kwenye kundi la wazazi hakuna ajuaye kitaishia wapi. Mwombe mwalimu ataje waalikwa mmoja mmoja. Ni kazi ya dakika chache, na mtoto wako ataendelea kushiriki pamoja na wenzake.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kwale. Katika kila kundi mwanafunzi mmoja hufanya kazi yote na wengine huvuna alama. Hati za mtandaoni hazijaliondoa tatizo hili. Nisahihishe vipi?

JIBU: Mwalimu, mtaala wa umilisi nchini Kenya unataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wa msingi, kwa hiyo una kila sababu ya kuupima ushirikiano wenyewe pamoja na kile ulichozaa. Fungua historia ya matoleo ya hati: utaona nani aliandika nini na lini, nani alifuta, na nani alipita bila kugusa. Itumie kama mwanzo wa mazungumzo tu. Anayechapa siyo lazima awe ndiye aliyefikiri, hasa mahali ambapo watoto watano wanagawana kibodi moja na mwepesi wa vidole ndiye anayekaa kwenye kiti. Idadi ya maneno isiwe kipimo kamwe.

Gawa alama mara mbili. Nusu iwe ya kundi zima kwa kazi iliyokamilika, na nusu nyingine iwe ya kila mmoja, itokane na maswali aliyowaachia wenzake pambizoni pamoja na maelezo ya mdomo ya dakika mbili, ambapo wewe unachagua aya yoyote ya hati na kumtaka aeleze ilipatikanaje na kwa nini kundi liliikubali. Watangazie utaratibu huu kabla kazi haijaanza, na usiseme ni aya ipi utakayoichagua, ili kila mmoja alazimike kusoma walichoandika wenzake.