Nani aliwanyima mama zetu kura?

SWALI: Bwana Mhariri, katika mazungumzo ya familia, baba mdogo alidai kwamba mama zetu hapa Kongo hawakupiga kura mwaka 1957 wala 1960 kwa sababu desturi ya wazee iliwakataza, ingawa Wabelgiji walikuwa tayari kuwapa haki hiyo. Shangazi alikataa, lakini hakuwa na ushahidi. Ukweli uko kwa nani? (Msomaji wa komini ya Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Uko kwa shangazi. Uchaguzi wa Desemba 1957, uliofanyika Léopoldville (leo Kinshasa), Jadotville (leo Likasi) na hapa kwetu, mji ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, ulifuata kanuni za serikali ya kikoloni zilizowapa kura wanaume waliotimiza miaka 25. Sheria ya uchaguzi wa Mei 1960 ilishusha umri hadi miaka 21, ikawaacha wanawake nje vilevile. Nayo ilipitishwa Brussels, si barazani kwa machifu.

Ubelgiji wenyewe ulikuwa na historia ya aibu kidogo katika jambo hili. Mwaka 1919 uliwapa kura ya bunge wajane na mama wa askari waliouawa vitani, kana kwamba haki ya mwanamke ilipitia kaburi la mwanamume. Mwaka 1920 ukawaruhusu wanawake kuchagua madiwani wa komini, isipokuwa makahaba. Kura kamili ikaja mwaka 1948. Waliochelewesha hawakuwa watu wa mila peke yao. Wasoshalisti na Waliberali, waliohubiri usawa, waliogopa kwamba wanawake wangefuata maneno ya padri na kukijaza kura chama cha Kikatoliki, na chama hicho, kilichopenda mke abaki nyumbani, kikaitetea kura yake kwa hesabu ileile. Huko Ufaransa, Seneti ilizuia mageuzi hayo kwa hofu ya namna hiyo hadi vita vya pili vilipoanza.

Sikatai kwamba wanaume wengi wa Kongo waliridhika na sheria hiyo ya 1960, na baba mdogo labda aliwasikia wakisema hivyo. Kuridhika si kutunga, lakini. Kura iliwafikia wanawake wa Kongo mwaka 1967, na haki ya kugombea mwaka 1970, baada ya Sophie Kanza kuwa waziri mwanamke wa kwanza mwaka 1966. Ikiwa nkambo wenu wa kike angali hai, mwulizeni kuhusu kura ya katiba ya Juni 1967.