Mji wa kijani jangwani: maswali yenu kuhusu Masdar, maji na kivuli

Makala iliyopita niligusia juu juu mji wa Masdar huko Abu Dhabi, na maswali yakamiminika. Nimechagua sita. Niliwahi kufanya kazi ya ukadiriaji majenzi Ghuba, kwa hiyo mengine nayajibu kwa niliyosoma na mengine kwa jasho lililonitoka.

Mwanangu yuko Abu Dhabi. Aniambia kuna mji hautoi moshi hata kidogo. Ni kweli, au ni maneno ya matangazo? (Mama wa Mombasa)

Mama, mwanao hakukudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Masdar ulitangazwa 2006 na ujenzi ukaanza 2008, karibu na uwanja wa ndege wa Abu Dhabi. Wachoraji wa ramani zake walikuwa Foster + Partners wa Uingereza. Ahadi ilikuwa nzito: kilomita za mraba 6, dola bilioni 22, wakazi kama 50,000, hakuna kaboni, hakuna taka, na kila kitu kiwe tayari kufikia 2016.

Mara uchumi wa dunia ukayumba. Mwaka 2010 mpango ukapitiwa upya, tarehe zikaanza kusogezwa hadi kufika 2030, na ile ahadi ya kutotoa kaboni kabisa ikalegezwa. Kilichosimama si kidogo: kuna chuo ambacho tangu 2017 kimeunganishwa na Chuo Kikuu cha Khalifa, kuna jengo la Siemens, kuna makao makuu ya IRENA, shirika la kimataifa la nishati jadidifu. Lakini kwa miaka mingi ukitoka nje ya majengo hayo ulikuwa unakutana na viwanja vitupu na mchanga. Uite mtaa mzuri sana. Mji kamili bado.

Vile vigari vya Masdar visivyo na dereva vimeishia wapi? (Msomaji wa Dar es Salaam)

Vilibaki vichache, vikiwapeleka watu safari fupi kati ya maegesho na chuo. Mpango wa mwanzo ulikuwa mji mzima uinuliwe juu ya jukwaa la zege, kama mita 7 kutoka ardhini, watu watembee juu na vigari vipite chini vikifuata sumaku zilizotegwa sakafuni. Mkadiriaji yeyote akisikia "inueni mji mzima" hutafuta kiti akae. Gharama zilipopigwa upya jukwaa likaachwa, na wakati huohuo magari ya umeme ya kawaida yakaanza kuingia sokoni. Kosa lao, kwa maoni yangu, lilikuwa kufunga msingi wa nyumba na teknolojia changa. Gari hubadilishwa baada ya miaka kumi, msingi hukaa mia.

Nasikia mitaa ya Masdar ina ubaridi kuliko nje, bila kiyoyozi. Yawezekanaje? (Msomaji wa Lamu)

Ndugu yangu, wewe ndiye wa kunifundisha mimi! Toka nje ya mlango wako saa saba mchana. Uchochoro ni mwembamba hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu, kuta ni ndefu, na jua hugusa ardhi kwa muda mfupi tu. Masdar wamefanya hivyohivyo. Majengo yamesogezwa karibu karibu, mitaa ni mifupi, na mji mzima umegeuzwa pembe, haukunyooshwa kufuata kaskazini na kusini, ili ukuta mmoja usichomwe peke yake kutwa nzima.

Siri yenyewe ni hii. Mtu aliyesimama jangwani haunguzwi na hewa peke yake. Jua linampiga kichwani, lami inamchoma kutoka chini, na ukuta uliolowa jua unamrudishia joto ubavuni. Ondoa hayo matatu, na hewa ileile ya nyuzi 40 itavumilika kwa mwendo wa kwenda dukani. Kwa hiyo ukisoma kwamba mtaa wa Masdar umepungua nyuzi 15 au 20, jua kwamba inayozungumzwa hasa ni joto analolisikia mtu mwilini. Kipimajoto kilichotundikwa kivulini hakitaonyesha tofauti kubwa namna hiyo.

Katikati ya uwanja wa chuo wamesimamisha mnara wa upepo wa mita 45. Unakamata upepo wa juu na kuushusha chini ukiwa na manyunyu ya maji. Wazo ni la kale. Mtaa wa Al Fahidi wa Dubai una minara kama hiyo juu ya mapaa, wenyewe huiita barjeel, na mji wa Yazd huko Iran una mmoja wa zaidi ya mita 33. Wa Masdar unapendeza, lakini nikiulizwa kipi kinachofanya kazi kubwa, nitasema wembamba wa mitaa.

Na kuna udugu wa kweli hapo. Nyumba nyingi za zamani za Ghuba ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizosafirishwa kwa majahazi kutoka Lamu na Rufiji. Ndiyo maana vyumba vya huko na vya kwenu vina upana unaokaribiana: urefu wa boriti ndio uliokuwa ukiamua chumba.

Paa zote za mji zikifunikwa paneli za sola, tatizo si limekwisha? (Mwanafunzi wa mipango miji, Dodoma)

Kijana wangu, paneli inapenda mwanga lakini inachukia joto. Uwezo wake hupimwa ikiwa na nyuzi 25, na kila nyuzi moja ikizidi hupoteza karibu asilimia 0.4. Juu ya paa la jangwani hufika nyuzi 65 bila shida. Piga hesabu: asilimia 16 imekwenda. Ongeza vumbi. Usiku unyevu wa bahari unalainisha vumbi hilo, asubuhi linakauka kama plasta, na lazima lifagiliwe. Masdar waliweka kituo cha megawati 10 ardhini, kwenye hekta 22, mwaka 2009. Ardhini ni rahisi kufikia na kusafisha. Kwanza punguza haja ya kiyoyozi, halafu ndipo uhesabu paneli.

Maji je? Kila mtu asifu umeme, maji hayatajwi. (Msomaji wa Muscat)

Bwana wangu, umegusa penyewe. Abu Dhabi haina mto, na mvua yake haifiki milimita 100 kwa mwaka wa kawaida. Maji ya bomba ni ya bahari yaliyotolewa chumvi. Mitambo ya zamani huyachemsha kwa gesi. Ya kisasa, kama ule wa Taweelah wenye uwezo wa zaidi ya lita milioni 900 kwa siku, huyasukuma kupita kwenye chujio laini mno, na kila lita 1,000 hula uniti 3 hadi 4 za umeme. Maji ya chumvi kali yanayobaki hurudishwa baharini, na Ghuba yenyewe ni ya chumvi tangu hapo.

Kwa hiyo kila ukoka unaomwagiliwa ni umeme unaomwagwa mchangani. Mpangaji mwenye akili huosha watu kwa maji safi, kisha huyasafisha maji hayo na kuyapeleka kwenye miti, tena miti ya nchi ile, kama mghafu wenye mizizi mirefu. Ninyi Oman mna falaj, mifereji ya kale ya maji. Maelfu yangali yanatiririka, na mitano iliingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Maji ya falaj huanzia kwa wanywaji, yakapita msikitini, ndipo yakaenda kwenye mitende. Mpangilio huo ungefaa ubandikwe ukutani kwenye ofisi ya kila mchoraji wa miji ya jangwani.

Sisi Lodwar tuna jua na vumbi, hatuna dola bilioni 22. Tuanzie wapi? (Msomaji wa Turkana)

Anzieni kwenye kamba na vigingi, kabla msingi haujachimbwa. Lodwar iko nyuzi 3 tu kaskazini ya ikweta, kwa hiyo adui yenu ni jua la asubuhi na la alasiri. Ubavu mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini, upande wa magharibi uwe ukuta mzito usio na dirisha. Bati lipakeni rangi nyeupe, wekeni dari, na achieni nafasi hewa ipite kati ya dari na bati. Upepo wenu mkubwa hutoka kusini-mashariki, uleule unaozungusha mitambo 365 ya Loiyangalani ng'ambo ya ziwa. Viwanja vikipimwa, msiuzibie njia.

Njia za miguu ziwe nyembamba na zenye mwarobaini pande zote mbili. Mathenge, ule mti wa miiba wa kigeni, msipande, hata mkiambiwa unastahimili ukame. Unastahimili kweli, na hauondoki. Wailchamus wa Baringo walimfikisha mahakamani Nairobi mbuzi kibogoyo awe ushahidi: meno yake yalikuwa yameozeshwa na maganda matamu ya mti huo.