Sheria na Wewe: Mpangaji wangu alitakiwa kutia sahihi ya kurudi kwao

SWALI: Ninapangisha vyumba sita hapa Kayole. Mpangaji wangu mmoja ni mama wa watoto watatu kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, ambaye hushona vitenge barazani na hajawahi kunisumbua kwa kodi. Karatasi yake ya kuomba hifadhi imekwisha muda, na kila akienda kuifuatilia huambiwa arudi siku nyingine. Majuzi alikamatwa akitoka sokoni, akalala kituoni, na asubuhi akaletewa fomu ya Kiingereza, akaambiwa kwamba akitia sahihi ataachiliwa. Binti yangu, aliyekuwa amempelekea chai, aliisoma akakuta imeandikwa kwamba anakubali kwa hiari yake kurudi Kongo. Hakutia sahihi, na jioni wakamwachilia. Je, wanaweza kumrudisha kwa sababu ya karatasi? (Mama mwenye nyumba, Kayole)

JIBU: Hapana, Mama, na ile chai ya binti yako huenda ndiyo iliyomwokoa jirani yenu.

Kinachomlinda mpangaji wako ni hatari inayomngoja huko alikotoka, na hatari hiyo haiishi siku muhuri unapokwisha. Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1966, kinakataza nchi kumfukuza au kumrudisha mkimbizi, kwa namna yoyote ile, mahali ambapo maisha au uhuru wake umo hatarini kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii alimo au msimamo wake wa kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ulikwenda mbali zaidi, kwa kuwa waliouandika walikuwa wameona vita vya ukombozi kwa macho yao: unamhesabu kuwa mkimbizi hata mtu aliyekimbia uvamizi au machafuko makubwa, bila kumdai athibitishe kwamba ni yeye hasa aliyekuwa akiwindwa. Mama aliyetoka Kivu ya Kusini, ambako waasi wa M23 waliingia Bukavu mwezi Februari 2025, hana haja ya kutueleza ni nani alimtaja kwa jina. Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imeyabeba yote mawili, na inamlinda pia mtu ambaye ombi lake bado halijaamuliwa.

Wako watakaowaambia kwamba wakimbizi wanatakiwa kukaa katika kambi za Dadaab au Kakuma na si Kayole. Ni kweli kwamba serikali ina mamlaka ya kutenga maeneo ya kuishi wakimbizi na kutoa vibali vya kukaa kwingine. Lakini anayekutwa mjini bila kibali, hata kama ana la kujibu, hajibu kwa kupelekwa Bukavu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilibatilisha agizo la kuwahamishia kambini wakimbizi wote wa mijini, na mwaka 2017 ikazuia kufungwa kwa kambi ya Dadaab, ikieleza kwamba hatua hiyo ingekuwa sawa na kuwarudisha watu kwa nguvu.

Sasa fomu ile, ambayo kwangu ndiyo kiini cha barua yako. Mkataba wa 1969 unasema kwamba mkimbizi harudishwi kwao kinyume cha matakwa yake, na ndiyo maana neno "hiari" huandikwa kwa herufi kubwa katika karatasi za namna hii. Hiari ina masharti: anayerudi lazima aelezwe hali ilivyo kule aendako, kwa lugha anayoielewa, awe na njia nyingine halisi ya kuchagua, na asiwe ameshikiliwa. Mtu aliyelala sakafuni usiku kucha, ambaye hajui watoto wake wamekula nini, akisukumiwa karatasi ya Kiingereza na kuambiwa "tia hapa uende nyumbani", anasikia nyumbani kuwa ni Kayole. Sahihi ya namna hiyo ikifika mbele ya hakimu, wakili yeyote anaweza kuipinga. Shida ni kwamba mara nyingi haifiki kwa hakimu; hufika mpakani kwanza.

Kwa hiyo msaidieni mapema. Aende tena Idara ya Huduma za Wakimbizi akifuatana na mtu, na kila anapoambiwa arudi, aandike tarehe, saa na dirisha alilohudumiwa. Aache nakala ya karatasi yake kwako, na picha yake ibaki katika simu ya binti yako, maana ile ya asili, nikiwafahamu watu wetu, imekunjwa mara nane ndani ya mfuko wa nailoni na muhuri umeanza kufutika. Akikamatwa tena, ulizeni nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, na kosa aliloandikiwa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mtu aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata ikiwa muda huo umeangukia mwisho wa juma. Hapa Nairobi, Kituo cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya huwasaidia wakimbizi bila malipo. Wapigieni usiku huohuo, msingoje kupambazuke.

SWALI: Ikiwa sheria ni kali hivyo, wale Waturuki walichukuliwaje hapa Nairobi? (Msomaji, South B)

JIBU: Mnamo Oktoba 2024 Wizara ya Mambo ya Nje ilithibitisha kwamba raia wanne wa Uturuki, waliokuwa wakimbizi hapa nchini, walirudishwa kwao kwa ombi la serikali ya Uturuki, na ikaongeza kwamba imehakikishiwa kuwa watatendewa kwa heshima. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilieleza wasiwasi wake. Mimi naona kwamba ahadi ya serikali inayomtaka mtu haiwezi kuwa kinga ya mtu huyohuyo, kwani kama ingetosha asingekimbia.

Mkataba wa 1951 una mwanya: haumlindi mtu ambaye kuna sababu za msingi za kumwona kuwa ni hatari kwa usalama wa nchi iliyompokea, wala aliyehukumiwa kwa kosa kubwa mno. Lakini hata huo hupitiwa kwa utaratibu, baada ya mhusika kusikilizwa na kupewa nafasi ya kukata rufaa. Na pale anapokabiliwa na mateso, Mkataba wa Kupinga Mateso, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1997, hauna mwanya kabisa. Mtu akichukuliwa na watu wasiojulikana, jamaa zake wanaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake, na haki hiyo ni miongoni mwa zile chache ambazo Katiba, katika kifungu cha 25, hairuhusu zipunguzwe. Ombi hilo hufaa likipelekwa kabla ndege haijaondoka.

SWALI: Mama yangu amefariki Kismayu. Nikienda kumzika nitapoteza ukimbizi wangu? (Eastleigh)

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Safari fupi ya msibani peke yake haimaanishi kwamba umerudi kuishi kwenu, na hicho ndicho Mkataba wa 1951 unachokitazama. Hata hivyo usiondoke kimyakimya: iarifu Idara kwanza, omba hati ya kusafiria, na usichukue pasipoti ya Somalia kwa ajili ya safari hiyo, kwa sababu pasipoti hiyo ndiyo utakayoulizwa utakaporudi.