Kwa anayeanza kutengeneza pinboli za zamani: usianze kwa kukunja swichi

Ndani ya pinboli (mashine ya mchezo wa kupiga mpira wa chuma juu ya ubao) iliyoundwa Chicago na kampuni ya Gottlieb, Williams au Bally miaka ya 1960 hakuna kompyuta. Kuna transfoma, mota, rilei (swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme) na swichi nyingi za mabapa membamba ya chuma. Hesabu ya mipira, zamu ya mchezaji, alama, vyote vinaendeshwa na swichi hizo. Mgeni akiziona hutamani kushika koleo na kunyoosha kila iliyopinda. Nakuomba usifanye hivyo. Mashine iliyokuwa ikichezeka jana, mara nyingi tatizo lake ni kontakti moja tu, yaani pale mabapa ya swichi yanapogusana. Ukikunja kumi, unakuwa na hitilafu kumi za kutafuta.

Chukua tatizo ambalo lazima utakutana nalo: unabonyeza kitufe cha kuanza, mota ya alama inazunguka bila kukoma. Mota hiyo inatuma mapigo ya umeme kuyarudisha magurudumu ya tarakimu kwenye sifuri, na kila gurudumu lina swichi ya kutoa taarifa kwamba limefika. Kwa hiyo tazama tarakimu kwanza. Gurudumu moja limeganda kwenye 7? Zima umeme, lisukume kwa mkono. Likiwa zito, grisi ya zamani imekauka, lifungue ulisafishe. Likiwa jepesi, koili yake (waya uliozungushwa, unaogeuka sumaku ukipata umeme) haipati umeme. Na kama yote yanaonyesha sifuri lakini mota bado inazunguka, kuna swichi ya sifuri inayotoa taarifa ya uongo. Kwenye Gottlieb, swichi inayopaswa kuachia gurudumu likifika sifuri inaweza kuwa bado imegusana: zima, ingiza kipande cha karatasi kavu katikati ya kontakti, washa tena. Mota ikisimama, umeshampata mhusika.

Rilei nayo ipime kwa njia ya kuligawa tatizo. Isukume kwa kijiti cha mbao. Mchezo ukiendelea, swichi zake ni nzima na hitilafu iko upande unaoipa koili umeme. Usipoendelea, kagua swichi zake zenyewe. Kwenye mchoro wa umeme, swichi za rilei moja huchorwa mbali na koili yake, kwa hiyo fuata jina la rilei, si mahali ilipochorwa.

Multimita (kipima umeme) itakudanganya usipokuwa makini: umeme wa kipimo hupita njia nyingine kwenye koili na taa, ukadhani swichi imefunga. Tenganisha waya mmoja kwanza.

Koili nyingi za Gottlieb hutumia takriban volti 24 na taa volti 6, lakini upande wa plagi ni volti 120 za Marekani, na hizo zinaua. Chomoa plagi kabla mkono haujaingia. Huku kwetu kwenye volti 230 au 240 mashine hiyo inahitaji transfoma ya kushusha.

Ukishaipata swichi yenyewe, kaza skrubu zinazobana rundo la mabapa kabla ya kupinda chochote, maana zikilegea nafasi zote hubadilika. Kisha pitisha tupa nyembamba taratibu kati ya kontakti. Msasa unaacha chembe. Ukilazimika kupinda, pindia karibu na shina, pale bapa linapobanwa. Kontakti zikifunga, bapa refu lisukume kidogo lile fupi, zisuguane. Msuguano huo ndio unaozisafisha kila mpira unapopita.