Uliza Fundi: Galari imejaa, picha ya mama siioni

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Mi niko Chikongola hapa Mtwara mjini. Simu yangu ya GB 64 kila siku inaniambia nafasi imejaa, nikifungua galari nakutana na habari za asubuhi za magrupu, skrinshoti, picha za watoto, stakabadhi za korosho za baba, vyote vimechanganyika. Juzi ndugu wametaka picha ya marehemu mama tuweke kwenye fremu, nimepekua mpaka chaji ikaisha. Nafuta moja moja nachoka. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu pole sana kwa mama. Kwanza acha hiyo kazi ya moja moja, hapo unakumba maji ngalawani na tundu liko wazi, maana wewe unafuta huku magrupu yanashusha. Ingia WhatsApp, setingi, Storage and data, pale pa Media auto-download toa tiki zote. Kuanzia hapo picha haishuki mpaka uiguse mwenyewe, na bando nalo litapona.

Alafu hapohapo kuna Manage storage. WhatsApp yenyewe inakuwekea pamoja vilivyozidi MB 5 na vilivyoforwadiwa mara nyingi, anza na hivyo, futa bila huruma. Huku kwetu ndo balaa zaidi, minada ya korosho ikianza kila grupu linamwaga karatasi ileile ya bei, ukiwa kwenye magrupu manne unayo mara nne. Zilizojirudia hivyo app ya Files ya Google huwa inakuonyesha, unabaki na moja. (Na picha za ndani ya unyago mtu akikurushia we futa tu, simu yenyewe wanachezea watoto.)

Sasa ya mama. Usipekue kwa macho, tafuta kwa tarehe. Kwenye Google Photos andika mwezi na mwaka, ile harusi au Idi mliyopiga naye, itakuletea za kipindi hicho tu. Iliyokuja kwa WhatsApp angalia jina lake, ukiona IMG-20210814-WA0007 ujue iliingia kwenye simu tarehe 14 Agosti 2021, kwahiyo kama unakumbuka lini ulitumiwa umeshaipata. Ila hiyo ni siku ya kutumwa, inaweza kua ilipigwa miaka mitano nyuma, wengi wanapotelea hapo. Na kwa vile mnataka fremu, mtafute aliyepiga mwambie akutumie kama document, sio kama picha, maana WhatsApp inaipunguza ubora na ukiikuza inakua na ukungu. Tangu 2023 kuna kitufe cha HD, kinasaidia ila document bado ndo inakuja yenyewe kamili.

Ukishaipata, tengeneza albamu chache tu, Mama, Watoto, Makaratasi, basi. Watu wanatengeneza albamu ishirini wanachoka wiki ya pili. Stakabadhi za baba ziende Makaratasi na hiyo albamu usimshirikishe mtu, zina majina na namba za watu. Angalizo: albamu ya Google Photos haihamishi picha, inaionyesha tu, ukifuta picha yenyewe na kwenye albamu imeondoka.

Mwisho kabisa ndo nafasi, na hapa nisikilize vizuri maana hapa ndo watu wanalia. Washa bakapu ya Google Photos kwanza, yaani nakala za picha zipande mtandaoni kwenye akaunti yako ya Google, tumia wifi ya kazini au ya jirani, au bando la usiku kama mtandao wako unalo. Google wanakupa GB 15 za bure ila humohumo zinakaa na imeili, na siku hizi bakapu ya WhatsApp ya Android nayo inakula humo, ule ubwete wa picha bila kikomo uliisha Juni 2021. Chagua Storage saver, picha zinapungua kidogo, kwa watu wa kawaida hutaona tofauti. Bakapu ikiisha, USIFUTE kwa mkono ndani ya Google Photos, ukifuta pale inaondoka kwenye simu na kule juu pia. Bonyeza Free up space, hiyo inatoa kwenye simu zile tu ambazo zimeshapanda. Ya mama iweke na kwenye flashi ya OTG, ile inayochomekwa kwenye simu, au kwenye simu ya mdogo wako, sehemu mbili tofauti.

SWALI: Fundi shikamoo, dogo wangu kachezea simu kafuta picha za mahafali yote. Kuna fundi hapa Nachingwea anataka hela azirudishe. Nimpe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, subiri kwanza usitoe hela. Fungua Google Photos, nenda kwenye Trash, picha iliyokua na bakapu inakaa humo siku 60, isiyo na bakapu siku 30. Angalia na kapu la takataka la galari ya simu yenyewe, simu nyingi zinalo. Ukizikuta bonyeza Restore, dakika moja. Usipozikuta pote huko, usipige picha mpya wala kupakua kitu, simu inaandika vitu vipya palepale zilipokua za zamani, na huyo fundi mwambie alipwe baada ya wewe kuziona kwa macho, akikataa basi.